Ngoma ya Kamina Ilivyoingia Kanisani

Tarehe 22 Novemba 1903, siku ya Mtakatifu Sesilia msimamizi wa waimbaji, Baba Mtakatifu Pius wa Kumi alitoa amri juu ya muziki wa kanisani. Alikuwa na sababu yake. Katika makanisa mengi ya Italia siku zile, nyimbo za Misa zilikuwa zimefanana na nyimbo za michezo ya jukwaani, na watu walikwenda kanisani kumsikiliza mwimbaji hodari kuliko kumwomba Mungu. Baba Mtakatifu akataka wimbo wa kale wa Kigregori urudishwe mahali pake. Piano akaikataza, na pamoja na piano akakataza vyombo vyenye kelele. Ngoma ilitajwa kwa jina.

Neno hilo liliandikwa kwa ajili ya Ulaya. Kule ngoma ni chombo cha askari na cha michezo. Ikikatazwa kanisani, maisha ya watu hayapungukiwi sana. Lakini amri ilipofika Afrika ilikuta ngoma yenye kazi nyingine. Kwetu ngoma ilitangaza mtoto amezaliwa, ikaita watu shambani, ikapeleka habari ya kifo toka kijiji hata kijiji. Kuiacha ngoma mlangoni kulikuwa kama kumwambia mtu aache nje nusu ya lugha yake. Basi leo tueleze jinsi kundi moja la waimbaji wa Katanga lilivyoivusha ngoma mlango ule, na lilivyofanya kazi hiyo kwa adabu na kwa akili.

Kwanza tukumbuke mambo yalivyokuwa katika nchi hii. Reli iliyotoka kusini ilifika Sakania mwaka 1909, na mwaka uliofuata ikafika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya sasa. Mwaka ule ule wa 1910 Roma ilianzisha Prefektura ya Katanga na kuikabidhi kwa mapadre Wabenediktini. Mwaka 1911 wakaja Wasalesiani wa Don Bosco, ambao mwaka 1925 walipewa Prefektura ya Luapula ya Juu, iliyokuja kuwa Vikarieti ya Sakania mwaka 1939 na Jimbo mwaka 1959. Upande wa kaskazini na magharibi, kwa Waluba na majirani zao, toka mwaka 1922 kazi ilikuwa ya mapadre Wafransisko. Mji wa Kamina, penye njia panda ya reli, ulikuwa katika sehemu yao.

Mapadre hao wote walifundisha kuimba. Don Bosco mwenyewe alikuwa amewaonya wanawe kwamba nyumba ya vijana isiyo na muziki ni mwili usio na roho. Katika misioni watoto wakajifunza Kyrie na Gloria kwa Kilatini, wakajifunza vizuri mno, hata wageni wakastaajabu. Katika miaka ya 1930 huko Elisabethville, Padre Anschaire Lamoral, Mbenediktini, alianzisha kwaya ya watoto iliyoitwa kwa jina la Msalaba wa Shaba, yaani ule msalaba wa shaba ambao wazee wa Katanga waliutumia kama fedha. Tena palikuwa na mwalimu wa muziki, Joseph Kiwele, mwana wa Katanga, aliyejua kinanda na maandiko ya muziki ya Kizungu, akatunga Misa na nyimbo za Kanisa zenye sauti ya nchi yake. Huyo ndiye aliyetunga baadaye wimbo wa taifa la Katanga la mwaka 1960; alikuwa pia waziri wa elimu, akafa mwaka 1961. Kwa hiyo tusidhani kwamba habari ya Kamina ilizuka jangwani. Shamba lilikuwa limekwisha kulimwa.

Mwezi wa Septemba 1953 alifika Kamina padre Mfransisko aitwaye Guido Haazen, mzaliwa wa Antwerpen katika Ubelgiji, kuwa mkuu wa shule kubwa ya pale. Alipowasikia watu wakiimba jioni na katika misiba, alishangaa kwa uzuri wa nyimbo zao. Lakini aliona pia hatari. Kamina ulikuwa mji wa reli na wa kambi kubwa ya askari. Watu wa makabila mengi walikutana huko, na sauti mpya zilikuja kwa gramafoni na kwa magitaa. Magitaa hayo hayakuwa mabaya. Mwaka 1952 Bwana Hugh Tracey, mkusanyaji wa nyimbo za Afrika, alikuwa amemkuta kijana Jean Bosco Mwenda akipiga gitaa huko Jadotville, ambayo sasa ni Likasi, akamtia katika sahani ya santuri, na sifa yake ikavuka mipaka. Ila kijana wa mji aliyejua nyimbo za gramafoni peke yake, je, angeimba nini siku ya kumzika baba yake?

Basi Padre Haazen aliunda kundi la wavulana wapata 45, wa miaka tisa hata kumi na minne, pamoja na walimu wapata kumi na watano wa shule ile. Wakaitwa Troubadours du Roi Baudouin, yaani Waimbaji wa Mfalme Baudouin, kwa kuwa wakati ule mfalme wa Wabelgiji ndiye aliyetawala Kongo. Hawakuanza na Misa. Walianza na nyimbo za nchi: za arusi, za kazi, za kucheza, za askari, za kuondoa matanga. Kwa miaka mitatu na zaidi walijifunza kuimba pamoja kile ambacho wazee wao waliimba, na vyombo vyao vilikuwa ngoma na vipigwa vingine vya nyumbani. Huo ndio uliokuwa mwanzo wa kazi yao, na ni vema tuutazame, maana watu wengi hulisifu paa wakasahau msingi. Wale vijana waliijua nyumba yao kwanza, ndipo walipoijengea madhabahu.

Siku ya Noeli ya mwaka 1955 Baba Mtakatifu Pius wa Kumi na Mbili alitoa barua juu ya muziki mtakatifu. Ndani yake aliwahimiza wamisionari wasidharau upendo wa kuimba walio nao watu wanaohubiriwa, bali wautumie kwa ibada, na watu wapewe nyimbo takatifu kwa lugha na kwa sauti walizozizoea. Mlango ulikuwa haujafunguka wazi, lakini komeo lilikuwa limelegezwa. Mwaka 1957 watu wa Kamina wakaanza kuitunga Misa ambayo ulimwengu unaijua kwa jina la Missa Luba.

Sasa tueleze walivyoitunga, kwa maana hapo ndipo penye jambo lenyewe.

Maneno ya Misa hayakubadilishwa. Yalibaki Kilatini, kadiri ya sheria ya wakati ule. Lakini kwa kila sehemu waimbaji walijiuliza: maneno haya yanafanya nini? Yanalia? Yanafurahi? Yanaaga? Tena wakauliza: sisi tukilia, tukifurahi, tukiaga, twaimbaje? Ndipo wakalitafutia kila neno la Kanisa ndugu yake katika nyimbo za nchi.

Kyrie ni kilio cha mtu aombaye huruma. Waluba wanao wimbo uitwao kasala. Ni wimbo wa kutaja majina ya mtu na ukoo wake, wa kumsifu na kumlilia, na husikika hasa katika msiba. Mmoja hutangulia, wengine humwitikia. Katika kasala Kyrie ilipata makao yake, na mtindo ule ule wa kuongoza na kuitikia ukatumika katika Gloria na Credo. Mkristu aliyekwisha kukaa matangani hakuhitaji tena kufafanuliwa Kyrie ni nini. Aliisikia, akajua.

Katika Credo hufika mahali tunapokiri kwamba Bwana wetu alisulibiwa kwa ajili yetu. Hapo waimbaji wa Kamina walifanya jambo kubwa. Waluba wanayo kyondo, yaani ngoma ya gogo lililochimbwa ndani, lisilowambwa ngozi, nayo hutumika kupeleka habari. Kyondo ndiyo itangazayo kwamba mtu amefariki. Basi kabla ya maneno ya kusulibiwa, kyondo ilipigwa kama ipigwavyo mtu akifa kijijini. Ngoma ile ile iliyokatazwa kwa sababu ya kelele, sasa ilisema habari ya kifo cha Mungu aliyefanyika mtu, tena ilisema kwa lugha ambayo hata mama mzee asiyejua kusoma aliielewa. Je, hiyo ni kelele?

Sanctus waliifuata sauti ya nyimbo za kuagana za Kiluba, za pole na za upendo mwingi. Hosana wakaipa mwendo wa mchezo wa Kasai, kwa kuwa Hosana ni kelele ya furaha ya watu waliomlaki Bwana njiani. Agnus Dei wakaipata katika wimbo wa Bena Lulua wa upande wa Luluabourg, yaani Kananga ya leo. Ndivyo walivyopita katika Misa yote.

Jambo la pili la kutazama ni hili: hakuna aliyekaa mezani akaiandika Misa hiyo kwa alama za muziki ili wengine waikariri. Waliitunga kwa kuiimba. Mwongozaji alianza, wengine wakaitikia, wakarekebishana, wakaongeza, wakapunguza. Mwongozaji huyo alikuwa mwalimu Joachim Ngoi, na sauti yake ndiyo isikikayo katika sahani ya santuri mpaka leo. Padre Haazen alikuwa na kazi yake: aliwakusanya, aliwasikiliza, alichagua, aliwatia moyo, naye alijua sheria ya Kanisa. Lakini elimu ya kasala na ya kyondo haikutoka Antwerpen. Ilitoka kwa walimu na watoto wale, nao waliipata kwa mama zao na babu zao.

Missa Luba iliimbwa mara ya kwanza katika ibada tarehe 23 Machi 1958, katika kanisa la misioni ya Mtakatifu Bavo pale Kamina. Ilikuwa Jumapili ya Mateso kadiri ya kalenda ya siku zile, majuma mawili kabla ya Pasaka. Tufikiri kidogo juu ya siku hiyo. Mambo ya Bwana ya huzuni yanakaribia, na Wakristu waliozoea kusikia kifo kikitangazwa kwa kyondo, wanakuta sauti ya kwao imekuwa sala ya Kanisa zima.

Haukupita muda mrefu kundi likasafiri Ulaya. Waliimba katika Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani, nao waliimba pia kwenye maonyesho makubwa ya dunia huko Brussels, yaliyofunguliwa mwezi wa Aprili 1958. Watu waliwashangilia sana. Lakini yafaa tuseme yote. Katika maonyesho yale yale palijengwa kijiji cha Kongo, na watu wa Kongo, wake kwa waume na watoto, waliwekwa nyuma ya ua watazamwe wakifanya kazi za mikono. Watazamaji wengine waliwafanyia mzaha, wengine wakawatupia ndizi kama watu watupiavyo wanyama. Mwezi wa Julai wale wa kijijini walikataa kudharauliwa, wakarudi kwao, na kijiji kikabaki kitupu. Hivyo katika mji mmoja na mwaka mmoja, Mwafrika alionekana kwa namna mbili: mmoja alitazamwa kama kitu, na mwingine alisikilizwa kama mtu anayesali. Waimbaji wa Kamina hawakupeleka hotuba wala mashtaka. Ila hakuna aliyeisikia kwa moyo mnyofu Kyrie ile ambaye angeweza kusema kwamba wenye kuiimba hawana roho kama yake.

Safari ile ndiyo iliyozaa sahani ya santuri, iliyotolewa na kampuni ya Philips. Upande mmoja ulikuwa na Misa, na upande wa pili nyimbo za nchi, pamoja na Banaha, wimbo wa askari ambao siku hizi kwaya za shule huuimba katika nchi nyingi. Sahani hiyo ilikwenda mbali kuliko waimbaji wenyewe. Mwaka 1964 Pier Paolo Pasolini, mtengeneza sinema wa Italia, aliitia Gloria yao katika sinema yake ya Injili ya Mathayo. Mwaka 1968 Sanctus ilisikika katika sinema ya Kiingereza iitwayo If...., ya Lindsay Anderson, na mwaka 1969 ikaingia katika orodha ya nyimbo zilizonunuliwa sana Uingereza, katikati ya nyimbo za vijana za magitaa ya umeme.

Wazee husema ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960, Katanga ikajitenga tarehe 11 Julai, vita vikafuata hata mwanzo wa 1963. Jina la mfalme wa Wabelgiji halikuwa tena jina la kujivunia. Sahani ilikuwa ikiendelea kuuzwa Ulaya na Marekani, na nchi ilikotoka sauti ile ilikuwa ikilia kilio cha kweli.

Wapo waliolitafutia kosa kundi hili, na maneno yao si ya kupuuzwa. Wengine walisema: mmebakiza Kilatini, mmemvika mgeni kanzu ya nyumbani, lakini bado ni mgeni. Wengine walisema kwamba Misa ikiisha kuchapwa kwa alama za muziki, na kwaya za Ulaya zikaiimba kwa kufuata karatasi, ile kazi ya kutunga kwa kuitikiana hupotea, kikabaki kivuli. Tena wengine waliuliza kwa haki: kwa nini jina linalotajwa mara nyingi ni la padre, na waliotunga kwa vinywa vyao hawatajwi?

Juu ya la kwanza, tujibu kwamba mwaka 1958 lugha ya Misa haikuwa mikononi mwa watu wa Kamina. Walichukua kile walichoruhusiwa, yaani sauti, wakakitumia mpaka mwisho wake. Juu ya la pili, tukubali. Wimbo ulioandikwa unahifadhiwa, lakini wimbo unaotungwa upya kila mara ndio unaoishi. Na juu ya la tatu, tukubali zaidi. Katika vitabu vingi na maelezo mengi ya Missa Luba, Haazen yumo, na Ngoi hutafutwa. Wale wavulana 45 hawatajwi hata mmoja mmoja. Hilo ni deni.

Pamoja na hayo, waliyofanya hayakupotea bure. Mwaka 1959 Padre Stephen Mbunga, wa upande wa Peramiho katika Tanganyika, alitunga Misa Baba Yetu kwa Kiswahili. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano ulitangaza mafundisho yake juu ya Liturujia. Mababa wa Mtaguso waliagiza kwamba mataifa ya misioni yenye muziki wao wenyewe, muziki wao uheshimiwe na upewe nafasi katika ibada. Na vyombo vingine vikubaliwe, mradi vifae kwa mahali patakatifu. Kile kilichokuwa kosa mwaka 1903 kikawa wajibu baada ya miaka 60. Tarehe 30 Aprili 1988 Roma ilikubali Misale ya Kirumi kwa majimbo ya Zaire, ambayo ndani yake kuimba, kucheza na kuitikia kwa watu ni sehemu ya ibada. Na mwaka 1990 kwaya ya Muungano ya Kenya, ikiongozwa na Boniface Mganga, iliitia Missa Luba upya katika santuri. Wimbo wa Waluba ukapata walezi Nairobi.

Haya basi, sisi tufanye nini na habari hii? Siku hizi katika parokia nyingi vijana wanaunda makundi yao ya muziki. Wana magitaa ya umeme, vinanda na vipaza sauti. Wanatunga wenyewe, wanajilipia wenyewe. Wazee wengine hunung'unika kwamba ni kelele. Vijana hujibu kwamba wazee hawaelewi. Ugomvi huo ni wa kale kama amri ya mwaka 1903, na watu wa Kamina wametuonyesha namna ya kuumaliza. Hawakubishana kwanza juu ya chombo. Waliuliza kwanza juu ya neno: neno hili la Misa linafanya nini, na ni sauti gani ya maisha yetu inayofanya kazi ile ile? Gitaa likiweza kulia Kyrie kweli, lina haki ya kukaa karibu na altare. Na ngoma, hata ikiwa ya mababu, ikipigwa ili mpigaji asifiwe, imekosa vile vile kama wale waimbaji wa Italia waliomchukiza Pius wa Kumi.

Lakini ili kujibu swali hilo yatupasa kuzijua nyimbo zetu. Hapa katika nchi ya Sakania, kwa Walamba na Walala na wote waliokuja na reli, wako mabibi wanaojua wimbo wa kumlilia marehemu, wa kumpokea bibi arusi, wa kumtuliza mtoto mgonjwa. Mwanakwaya na aende akakae nao jioni, asikilize, aulize, ajifunze. Tena akiisha kujifunza, aandike katika daftari ya kwaya jina la bibi aliyemfundisha, na jina la kila mmoja aliyetunga sauti pamoja naye, ili siku wimbo huo ukisafiri mbali, majina yao yasafiri pamoja nao.